Taa Mbili Nyekundu, Usiguse Simu

Jumatatu, 3 Juni 1974

Siku kubwa! Mzee Moffat, karani wetu mkuu, anastaafu, na meneja, Bwana Ngatia, atamtangaza mrithi wake Ijumaa. Ni mimi au Gicheru wa stoo. Gicheru! Mtu anayeandika neno "maziwa" ulimi ukiwa nje. Karani mkuu hukaa kwenye dirisha linalopata jua la asubuhi, na ndiye anayeshika ufunguo wa kufuli ya simu. Katika ofisi ya chama cha maziwa hapa Nyeri, kwa baridi hii ya Juni, mtu hahitaji kingine.

Leo Mungu amenifungulia njia. Tuna laini moja na simu nne. Simu inalia kwenye swichibodi, Watiri anaipokea na kuigawa. Ukiinua yako wakati mwenzako anaongea, unamkata. Asubuhi Watiri alichelewa kutoka Chaka kwa sababu ya mvua. Meneja akajiunganishia mwenyewe, akawa anaongea na Kerugoya, Gicheru akainua simu ya stoo na kumkata katikati ya neno. Meneja akatoka amefura. Akauliza mtu atajuaje kama laini iko wazi au ina mtu. Nikasimama. Nikasema: taa!

Alikubali nijaribu. Lakini ziwe tayari kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa saa tano wale wa mtambo wa kupoza maziwa watapiga simu kutoka Nairobi. Mtambo ni mmoja. Tusipopatikana, unakwenda kwa wenzetu wa Nanyuki. Aliyasema hayo akinitazama mimi. Mimi, si Gicheru!

Jioni nimemwambia mke wangu, Ngendo, aanze kuniita Bwana Karani Mkuu, nizoee. Akasema kwanza nirekebishe mlango wa choo.

Jumanne, 4 Juni

Dukani kwa Umesh. Nilitaka balbu za rangi nne. Alikuwa na nyekundu tu, mabaki ya Diwali, na kijani moja. Mkewe, Ramila, akauliza taa zote hizo ni za kazi gani. Nikamweleza kwamba simu ina hali nne. Akasema yeye ana jiko, watoto watano na duka, na hana taa nne. Mambo ya ufundi si ya kila mtu.

Mpango wangu huu hapa. Kijani: laini iko wazi. Nyekundu moja: mtu anaongea. Nyekundu mbili: tunangoja simu ya mbali, mtu yeyote asiguse. Nyekundu tatu: Watiri hayupo, aliye karibu apokee. Rahisi mno! Nimeandika chati na kuibandika ukutani.

Kizuizi kimoja: Watiri na kiondo chake, kikapu cha mkonge. Anamsukia mama mkwe wake, mwezi wa nne sasa. Laini ikiwa wazi, anasuka. Akimwunganisha mtu, anakitundika kwenye msumari. Akitoka, anakiacha juu ya kiti. Kutwa nzima kiondo kinahamahama kama paka. Nikamwambia meneja kwamba ofisi ya kisasa haisuki, na kwamba mikono ya Watiri inahitajika kwenye swichi zangu. Akakubali. Watiri alikikunja kiondo, akakitia mkobani, akasema, "Sawa tu, Kihara. Si ni wewe unajua."

Nilifurahi kuona hana kinyongo.

Jumatano, 5 Juni

Zimewaka! Uzuri ulioje! Wakulima wawili wa Giakanja waliingia, wakaona wekundu ule, wakavua kofia na kuketi kwenye benchi bila neno. Walidhani ndani kuna daktari na mgonjwa. Heshima kama hiyo hatujawahi kuipata.

Kasoro ndogo: meneja alikatwa mara tatu. Mara mbili na Gicheru. Mara ya tatu na mimi, lakini mimi nilikuwa nafanya majaribio. Shida ni watu wenyewe. Wanahesabu taa, wanakwenda kusoma chati, wakirudi taa zimebadilika. Gicheru anatangaza kila mahali ati ofisi imekuwa baa. Wivu mtupu.

Saa nne, kwenye chai, Mzee Moffat alinivuta kando. Akaninong'oneza kwamba miezi yote hii watu walikuwa wakiangalia kiondo kabla ya kuinua simu. Maskini mzee. Kumbe kweli wakati wa kustaafu umefika.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimewakusanya wote, nikawapa mafunzo. Nikasema kesho taa mbili nyekundu zikiwaka, hata paa lishike moto, hakuna mkono kugusa simu. Watiri akauliza, "Na ikilia?"

Nikamwelekeza kwenye chati. Akauliza tena. Nikamwambia sheria ni sheria. Alipouliza mara ya tatu, Gicheru akacheka. Nimeandika jina la Gicheru pembeni, kwa matumizi ya baadaye.

Nimeazima tai ya shemeji yangu Wamae. Ina doa la supu lakini koti litalifunika.

Ijumaa, 7 Juni

Nitaandika kila kitu kama kilivyotokea, ili nitendewe haki.

Saa tano kasorobo nilimwamuru Watiri awashe nyekundu mbili. Meneja chumbani mwake, mimi na tai ya Wamae shingoni. Saa tano na dakika tatu swichibodi ikalia.

Watu wote wakatazama taa. Mbili. Wakanitazama mimi. Nikainua mkono: asiguse mtu! Hakuna aliyegusa. Nidhamu iliyoje! Nilijivuna, sikatai. Watiri akasema, "Kihara, nishike? Inalia!" Nikamwonyesha chati. Nilihesabu milio kumi na minne. Meneja akatoa kichwa mlangoni, akauliza ni simu gani hiyo inayolia. Nikasimama wima, nikamjibu kwamba ndiyo ile tunayoingoja.

Ikanyamaza.

Meneja hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi la wakulima, akashika kichwa kwa mikono miwili. Humu ndani naweza kukiri: niliogopa. Nikailegeza ile tai.

Watiri akazima taa zangu. Zote! Bila ruhusa! Akatoa kiondo mkobani, akaketi, akampigia binamu yake Wakonyo, anayeunganisha simu za mji, akamwomba amrudishie Nairobi haraka. Akawa anasuka huku akingoja. Mara Nairobi wakapatikana. Watiri akamwunganisha meneja, akakitundika kiondo kwenye msumari.

Basi ofisi nzima ikatulia. Gicheru, aliyekwisha kunyoosha mkono kwenye simu ya stoo, aliurudisha taratibu. Hakuna hata aliyeitazama chati. Meneja akaongea dakika tisa bila kukatwa. Mtambo ni wetu. Unakuja Agosti.

Akatoka anacheka, akatangaza palepale: karani mkuu ni Watiri. Makofi! Mzee Moffat akamkabidhi ufunguo. Gicheru hakupata kitu, kwa hiyo kwangu mimi nahesabu sare.

Ngendo ameuliza aniite nani sasa. Nimekwenda kurekebisha mlango wa choo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimegundua!

Sikulala vizuri siku tatu, nikijiuliza kiondo kimezishindaje taa nne. Leo nimekitazama kwa karibu. Kina mistari myekundu! Kwa hiyo Ijumaa watu walitii rangi nyekundu. Yaani walitii mpango wangu. Watiri aliuazima tu.

Ila kiondo kina upungufu mmoja mkubwa. Hakiwaki. Kona ile ina giza, na mtu wa stoo akiwa mbali haoni vizuri. Nikakimbia kwa Umesh, nikarudi na balbu ndogo nyekundu. Ramila alinitazama, kisha akamwita mumewe aje anione.

Bahati ikanijia. Saa nane Watiri alitoka na meneja kwenda kupima mahali pa mtambo, akakiacha kiondo juu ya kiti. Asubuhi alituonyesha kwamba amekimaliza, kimebaki kutiwa ukanda tu, na Jumamosi anampelekea mama mkwe. Sikuwa na muda wa kupoteza. Nimekata tundu kwenye kitako, upana wa kikombe cha chai. Waya umepita vizuri sana.

Naandika haya mlangoni, kiondo mapajani, nikimngoja. Swichibodi inalia. Gicheru na wenzake wanatazama kile kiti kitupu, wanatazamana, hakuna anayejua apokee au asipokee. Waone sasa umuhimu wa taa!

Watiri huyo anavuka barabara. Ngoja niiwashe balbu, aione kabla hajafika.