Tairi Nne na Mgeni wa Heshima

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Ushindi! Kamati ya harusi ya Hanna imenipa mimi kazi ya kumbeba bibi harusi. Kura kumi na moja kwa tisa. Hanna ni mpwa wangu, mtoto wa Dada Lilian, na Jumamosi anafunga ndoa kanisani kwetu, kule juu mlimani. Atapambwa saluni Kijenge, kisha atapanda gari langu. Langu! Jekundu, la spoti, milango miwili, viti viwili, rimu zinameremeta. Nilibadilishana na ile Noah yetu ya familia mwezi uliopita. Mke wangu bado hajaanza kuongea nami vizuri, lakini akiniona Jumamosi atalainika.

Aliyeshindwa ni Yona, shemeji yake Dada Lilian. Alitaka kumbeba Hanna kwenye Land Rover yake ya kubebea ndizi na maziwa. Eti tairi zake zinakanyaga chochote. Nikasimama nikaiuliza kamati kama tunaoza binti au tunapeleka mkungu sokoni. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Mchungaji ana sharti moja: saa nane kamili. Siku hiyo kuna harusi mbili. Tukichelewa, ya pili inaingia kwanza na Hanna atakaa nje na shela lake. Dada Lilian amenishika mkono akasema nikimwaibisha huyu mtoto nisikanyage tena kwake. Nimemwambia alale usingizi.

Jumanne, 9 Septemba

Pancha. Hapa hapa Kimandolu, mita mia kutoka nyumbani. Skrubu ya kitasa! Ndogo, huwezi kuamini.

Lesikar, fundi wa pancha, alilizunguka gari mara mbili, akaita na mafundi wenzake waje kutazama. Akanieleza polepole, kama anamweleza mgonjwa. Tairi hizi ni pana, kwa hiyo zinaokota kila kitu. Mpira wake ni laini, kwa hiyo kila kitu kinaingia. Na ubavu wake ni mfupi, kwa hiyo upepo ukipungua kidogo tu, rimu inakaa chini. Akauliza tairi la akiba liko wapi. Halipo. Gari lilikuja na kopo la povu la kuzibia pancha, lenye maandishi ya Kijapani. Akauliza Jumamosi nakwenda wapi. Nilipomtajia njia, alikaa chini akacheka hadi akafuta machozi.

Anashauri nimwachie Yona. Bora nimbebe Hanna mgongoni.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepanda kule juu kwa bodaboda kuikagua njia. Kilometa tatu za udongo, kutoka lami hadi kanisani. Nimeokota kwa mikono yangu misumari saba, vifuniko vya soda, kipande cha jembe, mguu wa jiko la mkaa, na miiba isiyo na idadi. Sikufika hata nusu, mgongo ukakataa.

Ndipo akili ikafunguka! Watu wa kwetu hawatafagia barabara kwa ajili ya tairi za mtu. Watafagia kwa ajili ya mgeni. Nikaenda kwa Mwinjilisti Gadiel, nikamwamkia kwa heshima, nikanywa chai yake vikombe viwili, kisha nikamnong'oneza kwamba Jumamosi, kabla ya saa nane, kuna mgeni wa heshima anapanda. Akauliza nani. Nikasema sina ruhusa ya kumtaja. Akauliza ni wa serikali au wa kanisa. Nikainua tu macho kwenye picha ya Bwana Yesu ukutani.

Sijadanganya hata neno moja. Kwani Hanna si wa heshima?

Alhamisi, 11 Septemba

Wamefagia! Mtu wa bodaboda ameshuhudia kwa macho yake. Akina mama kwa mafagio, vijana kwa majembe, njia nzima, mpaka mashimo wamefukia. Hata kifuniko cha soda hakuna. Nimeliosha gari mara mbili na kuimba kwa sauti. Mke wangu ameuliza kama naumwa. Ni sentensi yake ya kwanza ndefu tangu Agosti.

Ijumaa, 12 Septemba

Sasa kijiji kizima kinasema ni askofu. Mimi sikusema askofu! Mwinjilisti Gadiel amepiga simu kuomba radhi kwamba siri imemtoka kidogo. Nimemsamehe. Anasema kwaya zote mbili zinafanya mazoezi, na akina baba wanasimamisha matao manne barabarani. Na watoto wa Shule ya Jumapili wameandaliwa. Kutakuwa na maua njia nzima, amesema. Safi sana. Hanna anapenda maua.

Yona naye amepiga. Anauliza tangu lini maaskofu wananiambia mimi ratiba zao. Wivu mtupu.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa nimekaa upande mmoja. Nitaeleza.

Tulitoka Kijenge saa saba na dakika tano. Hanna alipendeza mpaka nikashindwa kuwasha gari. Matarumbeta mbele kwenye pikapu, sisi tunafuata, watu wa lami wote simu juu. Tukakata kona kuingia njia ya udongo. Laini! Nikapiga honi kwa furaha.

Tao la kwanza. Migomba miwili, maua, kitambaa cha kumkaribisha Baba Askofu. Na watoto. Watoto mia, kila mmoja na mzigo wa matawi, wakaanza kuyatandaza barabarani mbele ya gari, kama tunavyofanya kwetu mkubwa akipanda. Matawi ya bogenvilia! Jamani, bogenvilia! Juu maua ya kuvutia, chini miiba ya kushonea magunia. Nikatoa mkono dirishani kuwazuia. Wakadhani nawabariki. Wakatandaza zaidi.

Tao la pili, tairi la mbele kushoto likalia fyuuu. Tao la tatu, tairi zote mbili za nyuma. Moja ni mwiba, jingine ni msumari wa fundi aliyejenga tao. Gari likakaa chini na kugoma. Saa saba na nusu imepita, na kilometa moja na nusu mbele yetu. Hanna akaniita Mjomba kwa sauti ndogo, akauliza kama tutafika.

Nikatoa kopo. Nikatikisa, nikabonyeza. Povu lote likarudi kwangu: suti, uso, masikio. Wakati huo kwaya zote mbili zimefika zikiimba na kutuzunguka. Wakachungulia ndani wamwone askofu. Viti viwili tu. Mama mmoja akafungua na buti. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na rimu zangu.

Kisha Hanna akanitazama na lile povu, akaangua kicheko. Akashuka na shela lake katikati ya maua yote yale. Bibi mmoja akapiga kigelegele. Akadakia mwingine. Kwaya zikaona nyimbo zimeshafanyiwa mazoezi, haziwezi kuozea mdomoni, zikaanza upya, zote mbili kwa pamoja.

Na nyuma yetu, Land Rover. Yona alikuwa anatufuata tangu Kijenge, polepole, bila honi. Alitandika kanga mpya kiti cha mbele, akamfungulia Hanna mlango. Heri angenicheka! Land Rover ikapita juu ya miiba, misumari, kila kitu, kijiji kizima kikikimbia kando na kucheza. Mimi nilikaa nyuma, juu ya madebe ya maziwa. Ndiyo maana ya upande mmoja.

Tulifika saa nane kasoro dakika tatu. Sijawahi kuona bibi harusi anaingia kanisani na furaha ile. Nililia waziwazi. Watu wakadhani ni povu.

Jumapili, 14 Septemba

Lesikar amepanda mwenyewe kuja kuziba. Ametoa miiba kumi na tisa, akauliza kama naihitaji. Dada Lilian amenikumbatia kwa nguvu, kisha akaniambia nisikanyage kwake mpaka Krismasi.

Baada ya ibada, Mwinjilisti Gadiel na wazee wa kanisa wakaniita pembeni. Wakaniuliza: Elihuruma, mgeni wetu yuko wapi? Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema aliahirisha, anakuja Jumapili ijayo, na kwa gari langu.

Walivyofurahi! Gadiel akasema pengine askofu alisikitishwa na vumbi. Kwa hiyo vijana wataponda mawe wiki nzima na kumwaga kokoto kutoka lami hadi mlango wa kanisa. Mawe yenye ncha kali, amesisitiza, kwani yale ya mviringo hayashiki kwenye udongo. Nimemshukuru kwa mikono miwili. Hatimaye kuna watu wanaoijali barabara.