Nilivyomuua Mzee Mkufu

Jumatatu, 5 Julai 1993

Watu tisa ndio waliosoma karatasi yangu tangu Ijumaa. Nimewahesabu mwenyewe, nje ya dirisha la ukumbi hapa mtaani Shika Adabu, nikijifanya nafunga kamba za viatu. Karatasi ya Gershom Kenga, iliyobandikwa kando ya yangu, imesomwa na watu thelathini na wanne. Mama mmoja alicheka mpaka akajishika ukutani.

Niyaandike mambo yalivyo, kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikishapata sifa. Mchezo wa redio wa Nyumba ya Mkufu ulikatwa Januari bila hata kuagana. Mzee Mkufu aliachwa amesimama mlangoni, mkononi ana barua ambayo hajaifungua. Mtaa mzima ulikasirika. Bi Mastura, mwalimu mstaafu, akaunda Chama cha Wasikilizaji, akaomba ukuta mmoja wa ukumbi na kupigilia ubao wenye kitambaa cha kijani. Kila mwanachama huandika mwendelezo wake akaubandika pale. Jambo jema. Kilicholiharibu ni kanuni.

Kanuni ni saba. Karatasi moja kwa wiki. Usifunike ya mwenzio. Usiendeleze hadithi ya mwenzio bila kumwomba. Ukimuua mtu, andika juu kabisa, kwa wino mwekundu, "Humu mna kifo," ili mwenye moyo mwepesi apite zake. Maoni yaandikwe chini ya karatasi, kwa adabu na kwa jina la kweli. Mbili zilizobaki zinahusu pini.

Mimi Mwidani nina miaka kumi na mmoja ya ukarani katika ofisi ya wakala wa forodha, Kipevu. Napiga taipu kwa vidole vyote. Gershom ni fundi wa mitambo na anaandika kwa kalamu ya risasi. Thelathini na wanne!

Jumanne, 6 Julai

Nimeigundua siri yake. Amemwacha Mzee Mkufu pale pale mlangoni, anaigeuzageuza barua, kisha akaandika kwamba mengine yatakuja Ijumaa. Basi kivukoni watu wanamzonga wakimuuliza barua inasemaje. Hata Dhahabu, mke wangu wa ndoa, anauliza. Nilipomuuliza kuhusu yangu alisema ni nzuri, ila ina fomu nyingi za forodha.

Kwa hiyo nitaimaliza hadithi ya Gershom mimi, kabla ya Ijumaa. Mzee anaifungua barua, anaisoma, anaanguka, anakufa. Nani atahangaika na Ijumaa tena?

Kanuni inataka nimwombe mwenyewe. Nimemwomba. Ilikuwa kivukoni, feri ikipiga honi, yeye akiwa mbele yangu kama hatua ishirini. Hakukataa.

Limebaki suala la wino mwekundu. Nikitangaza kifo juu ya karatasi, nani atashtuka? Nimeandika onyo nyuma ya karatasi. Kanuni haikusema upande gani.

Jumatano, 7 Julai

Nimebandika alfajiri kabla ya kwenda kazini. Niliporudi niliambiwa wamesoma watu sitini na mmoja. Nilimwona kwa macho yangu mzee akivua kofia mbele ya ubao. Sikumbuki lini nilitembea nyumbani kwa furaha namna ile.

Nikakuta mikeka imetandikwa uani na wanawake wamekaa kimya. Nikajua kuna msiba. Kweli ulikuwapo. Mama mkwe wangu, Mwanasaumu, tunayekaa naye tangu baba mkwe afariki, hajui kusoma. Jirani alikuja kumsimulia yaliyobandikwa. Naye akajitanda kanga, akakaa mkekani, akaagiza mchele utiwe jikoni kwa ajili ya matanga ya Mzee Mkufu.

Nilimweleza kwa upole kwamba Mzee Mkufu si mtu. Akaniuliza inakuwaje asiwe mtu, na yeye amemsikia akikohoa miaka sita. Kisha akauliza ni nani aliyeleta habari hizo. Nikasema karatasi haikusomeka vizuri sehemu ya jina.

Dhahabu alinivuta kando. Akasema tangu babake aondoke, sauti ya Mzee Mkufu ndiyo sauti ya kiume iliyokuwa ikimtuliza mamake jioni. Nikauliza, na yangu je? Akarudi mkekani.

Alhamisi, 8 Julai

Mama mkwe hajala tangu jana adhuhuri. Dhahabu alimpeleka zahanati, wakasema presha imepanda na asipokula itakuwa mbaya zaidi. Dhahabu anajua ni mimi. Ananiwekea chai na kuondoka chumbani.

Ubaoni kuna maoni kumi na moja, yote ya kunilaumu, yote kwa adabu, jambo linaloumiza zaidi. Gershom peke yake hakuandika neno.

Nilihitaji msomaji mmoja wa kunitetea. Hakuwapo, kwa hiyo nikamtunga. Nikaandika kwa mkono wa kushoto: "Mimi Tsofa, mvunja mawe wa Mwakirunge, nimevuka maji kuja kusoma ubao huu. Karatasi ya Bwana Mwidani ndiyo yenye mwisho wa kiume. Wengine waige." Nikatia sahihi.

Saa kumi Bi Mastura akanipitia nyumbani uso umemng'aa. Msomaji ametoka Mwakirunge! Mbali kote huko! Amekwisha tangaza kwamba Jumamosi Bwana Tsofa atakaribishwa ukumbini aseme machache. Na kwa kuwa ni shabiki wangu, mimi ndiye nitakayempelekea mwaliko.

Ijumaa, 9 Julai

Niliaga ofisini kwa maumivu ya jino. Kufika Mwakirunge jino likaanza kuuma kweli. Vumbi, jua, kelele za nyundo. Kwenye machimbo nilimpata mtu aitwaye Jefwa, mpole, anayejua kusoma, aliyekubali kuwa Tsofa kwa dakika kumi kwa malipo ya shati langu la Idi. Nikamfundisha ya kusema. Ni maneno mawili matatu tu: mwisho wa kiume, taipu iliyonyooka, wengine waige. Alikariri kama mtoto wa madrasa.

Mama mkwe amekunywa uji vijiko viwili. Alipoweka kijiko chini aliniomba nimsomee Yasini marehemu. Nikasoma. Mola ananijua nilivyojisikia, na sitaandika zaidi.

Jumamosi, 10 Julai

Kosa ni la Jefwa. Nilimwambia saa tisa, yeye akaja saa saba. Hakuwa na la kufanya, akaanza kusoma ubao. Akausoma wote.

Ukumbi ulijaa. Bi Mastura akamkaribisha mgeni kwa heshima zote. Jefwa akasimama ndani ya shati langu, akasema karatasi ya Bwana Mwidani imepigwa taipu imenyooka sana. Nikamkazia macho aendelee. Akaangalia chini, kisha akaangalia ubao.

"Mniwie radhi," alisema. "Mimi si Tsofa, naitwa Jefwa. Lakini hii ya kalamu ya risasi, iliyobandikwa jana, jamani. Mzee haifungui ile barua kwa sababu anajua ndiyo ya mwisho, na akishaisoma hatapata nyingine. Mimi ninayo ya mamangu, iko sandukuni mwaka wa nne. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Halafu Bi Mastura akaniomba nisimame.

Nilijieleza vizuri. Nilitaja honi ya feri na upande wa nyuma wa karatasi. Kila nilipomaliza hoja moja, ukumbi ulizidi kuwa kimya. Bi Mastura akasema kanuni hazikuwekwa kwa ajili ya karatasi, ziliwekwa kwa ajili ya watu wanaokuja kusoma au kusimuliwa wakiwa na mizigo yao, na mmoja wao yuko nyumbani kwangu hali chakula. Waliotaka nifukuzwe walikuwa wengi. Aliyeniombea msamaha ni Gershom. Sijapata kuona mtu msumbufu kama yule. Nikafungiwa miezi mitatu nisibandike, karatasi yangu ikaondolewa, na nikaamriwa nikamwambie mama mkwe ukweli.

Nilishika njia ya nyumbani, Gershom akanifuata bila kuambiwa. Mlangoni nilikwama. Yeye akavua viatu, akampa mama shikamoo, akakaa chini mkekani. Akamwambia kwamba Mzee Mkufu hajafa. Ile habari ilikuwa kosa la karani.

Mama akajifunua kanga usoni.

"Yuko wapi basi?"

"Mlangoni, Mama. Amesimama na barua yake."

"Na hajaifungua?"

"Hajaifungua."

"Amekula?"

Gershom akasema bado, hawezi kula huku akisikia kwamba Mama hajala. Mama akafuta macho kwa ncha ya kanga, akamwita Dhahabu alete wali. Akala sahani nzima. Dhahabu alisimama jikoni akilia na kucheka kwa pamoja, nami nikaenda kumshika bega, naye hakuliondoa.

Kosa la karani! Ndani ya nyumba yangu! Na samaki wangu wa chakula cha jioni kala Gershom.

Jumatano, 14 Julai

Nimepata ufumbuzi. Miezi mitatu ni ya ubao wao. Nimepigilia wangu kwenye ukuta wa nyumba yangu, upande wa njia. Katibu ni mimi. Kanuni ni moja, nayo nitaitangaza kadiri mambo yatakavyokwenda.

Amesimama mtu mmoja. Alikuwa anatoa mwiba mguuni.

Jumamosi, 17 Julai

Asubuhi nimesikia vishindo nje. Watu! Nimehesabu arobaini na watatu, na wengine wanaendelea kuja, mpaka njia imezibika. Nikatoka nikiwa tayari na maneno ya shukrani, wakaniomba nisogee, nawazibia.

Ni karatasi ya mama mkwe. Amemsimulia Dhahabu, Dhahabu ameandika, wakabandika bila kumwambia katibu. Mzee Mkufu yuko mlangoni na barua yake. Binti wa jirani anamletea kiti. Anakaa. Hapo anaona mtu anakuja kutoka mbali njiani, na karatasi inaishia hapo. Chini yake Gershom ameandika maoni, kwa jina lake la kweli, kwamba ameisoma mara tatu. Bi Mastura ameuliza kama anaweza kuinakili.

Nilikwenda uani kumuuliza mama anayekuja njiani ni nani. Alikuwa anachambua mchicha, ametulia, uso umerudiwa na damu. Akaniambia ningoje Ijumaa kama watu wengine.

Ijumaa! Ubao ni wangu, ukuta ni wangu, na wasomaji arobaini na watatu wamesimama mlangoni kwangu. Siwezi kuwaweka watu wiki nzima. Mama sasa hivi kajilaza, na kumwamsha mtu mzima ili kumwomba ruhusa ni utovu wa adabu ambao sikulelewa nao. Nimekwisha chomeka karatasi kwenye mashine. Anayekuja njiani ni karani kutoka Kipevu, mrefu, mwenye busara, na Mzee Mkufu akimwona tu anasimama kumpisha kiti.