Zamu ya Dishi la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Leo mtambo umesema na setilaiti, na setilaiti ikajibu. Miaka miwili ya kazi! Nimerukaruka karakana nzima. Hata Kimya, mhandisi mwenzangu anayeongea mara mbili kwa wiki, alitabasamu.
Kwa macho ni kabati la chuma lenye feni kumi na mbili. Kazi yake: kuyaunganisha madishi madogo ya mbali na intaneti. Kimya katengeneza sehemu ya kupokea. Mimi, ya kugawa zamu, maana madishi mawili yakisema kwa pamoja, hakuna linalosikika.
Alhamisi wanakuja wageni kutoka wizarani. Mkurugenzi kasema atakayewavutia zaidi ndiye kiongozi wa mradi. Kiongozi ni mimi. Bado wao tu kujua.

Jumanne, 5 Machi
Madishi ya majaribio ni matatu: la shule, la zahanati ya mlimani, na la juu ya paa la mama mkwe. Wazo limenijia nikipiga mswaki. Nimeuagiza mtambo zamu ya kwanza iwe ya dishi la mama mkwe, siku zote, mengine yasubiri mpaka limalize. Wageni wataongea naye kwa video isiyokwama hata kidogo.
Kimya kauliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema nimekumbuka kichekesho. Akaomba nimsimulie. Sikuwa nacho.

Jumatano, 6 Machi
Majaribio safi. Mama mkwe alionekana kwenye skrini hadi kinyweleo cha kidevuni. Nikamsihi kesho asubuhi asiguse kitu mpaka nimpigie. Akasema yeye si mtoto.
Nimejizoeza hotuba mbele ya kioo. Mke wangu kahesabu neno "mimi" mara kumi na tisa. Nimeongeza moja, litimie ishirini.

Alhamisi, 7 Machi
Wageni sita walikuwa wameketi. Kabla sijafungua mdomo, nesi wa zahanati akapiga simu. Ana mjamzito anayetoka damu, daktari wa hospitali kuu anasubiri picha za kipimo, na picha haziendi.
Kumbe mama mkwe alikuwa anawatumia ukoo mzima video ya harusi ya shemeji yangu. Saa tatu za harusi. Mtambo ulimhudumia yeye tu, kama nilivyouagiza.
Kimya akatazama skrini, kisha akanitazama mimi. "Umefanya nini?"
Nikasema yote, mbele ya wageni. Akafuta agizo langu, akaipa zahanati zamu zote. Sekunde arobaini, picha zikafika. Daktari akaanza kumwelekeza nesi. Sote tulisimama wima mpaka simu ilipolia tena: mama mzima, mtoto wa kike. Nililia. Kimya alinipa leso.

Ijumaa, 8 Machi
Wageni wamefurahi kupita kiasi. Wanataka kila mtambo uwe na zamu ya dharura, kama alivyofanya Kimya. Kimya ndiye kiongozi. Mama mkwe hasemi nami. Video ilikatika bibi harusi akiwa mlangoni.
Mimi nimepewa kuandika kitabu cha maelekezo. Mkurugenzi anadhani ni adhabu. Hajui. Nitakiandika kwa namna ambayo hakuna atakayeweza kuuwasha mtambo bila kuniita. Ukurasa wa kwanza tayari. Nimeusoma mara mbili, hata mimi sijauelewa.
Kazi inakwenda vizuri sana.