Rangi ya Asili ya Ndege ya Hajati Sadiya

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata kazi! Kazi ya maana, hatimaye. Miaka kumi na tisa nachora mabango hapa Arua, na maandishi yangu yanayosomwa kuliko yote ni USIKOJOE HAPA, ukutani nyuma ya soko. Tena hayatiiwi. Sasa Hajati Sadiya wa Koboko, mwenye bustani ya arusi, amenunua ndege. Ndege kamili ya jeshi, ya zamani, ile ndogo ya kufundishia marubani. Injini haina. Ameitoa kwa watu wa vyuma chakavu, akaipandisha juu ya nguzo tatu za zege kando ya jukwaa la maharusi. Marehemu mumewe, Sajini Kabiru, alikuwa fundi wa ndege hiyo hiyo. Tarehe 16 binti yao Shamirah anaolewa hapo, na ndege iwe imeshapakwa.

Nitaweka jina langu mkiani. Herufi kubwa. Kila atakayepiga picha atalipiga na jina langu. Sina ninachokitaka zaidi ya hicho duniani.

Kisha nikauliza rangi. Hajati akaingia ndani, akatoka na tabaga, lile kawa la kufunikia chakula wanalosuka mama zetu wa Kinubi. Miduara ya zambarau, nyekundu, njano. Akasema anataka ndege iwe hivyo. Yote! Mpaka mabawa!

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba ndege ya kivita haivishwi kawa la wali, kwamba historia ina rangi zake. Akanitazama. "Sulaiti, hii ndege iko ya nani?" Nikasema ni ya taifa. Akanionyesha risiti.

Jumanne, 5 Agosti

Nitamshinda kwa ushahidi. Nimekwangua mkiani kwa msasa, mahali pa ukubwa wa kiganja. Juu nyeupe. Chini yake kahawia. Chini yake kijani. Na chini kabisa, iliyong'ang'ania chuma chenyewe, rangi ambayo sijapata kuiona: njano iliyoingiliana na kijani, kama nyongo ya mbuzi. Rangi ya kwanza! Rangi ya asili! Imefichwa miaka yote ikinisubiri mimi!

Nyumbani mke wangu Shamim akauliza kama haiwezi kuwa andakoti, ile rangi ya kutangulia ili ya juu ishike. Nilicheka sana. Andakoti ni hila ya wenye maduka ili mtu anunue makopo mawili. Sijawahi kuitumia maishani. Shamim akasema ndiyo maana bango la kinyozi limebaki na herufi tatu. Mwanamke huyu hana jicho la historia kabisa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwonyesha Hajati. Aliitazama ile rangi muda mrefu. Akasema anaijua. Marehemu akija likizo ilikuwa inakaa kwenye kucha zake, naye alikuwa akimsugua vidole kwa mafuta ya taa. Sauti yake ilishuka. Nikamwonea huruma. Kisha nikaona nafasi. Nikasema basi, Hajati, Sajini mwenyewe ndiye aliyeipaka, tumheshimu! Akasema, "Kabiru alipaka mingi. Mimi nataka tabaga."

Na hapo akatokea nani? Obeti! Obeti jirani yangu wa kibanda, mwenye mashine ya kupulizia rangi na tabasamu la mtu mwenye mashine. Ati alikuwa anapita tu. Nani anapita Koboko na futi ya kupimia mkononi? Tayari alikuwa amechora miduara yote kwenye simu yake. Hajati akaishika ile simu kama mjukuu, kisha akanigeukia. "Wewe iko napaka ama iko napinga?" Nianze kesho, la sivyo kazi ni ya Obeti.

Nikasema nitapaka. Sikusema nitapaka nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Mungu yuko. Hajati amekwenda Midia kwa wakwe zake watarajiwa, atarudi Jumamosi. Nimechanganya njano na kijani mpaka nikaipata nyongo yenyewe. Nimeanza na pua. Draku, askari wa getini, akauliza kama Hajati anajua. Nikamwambia historia haiombi ruhusa. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Mtu wa bodaboda akasimama barabarani, akauliza kwa nini tunatengeneza kiwavi. Nikachovya brashi tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemaliza kabla ya swala. Ndege nzima! Na mkiani, kwa rangi nyeusi: SULAITI, MTAALAMU WA RANGI ZA HISTORIA. Nilirudi nyuma hatua kumi, nikaisoma mara tatu. Machozi yalinilengalenga, sioni haya kuyaandika.

Mchana nikaenda mpaka Logiri kumtafuta shahidi. Mzee Alionzi, fundi mstaafu wa ndege za jeshi, alifanya kazi na Kabiru miaka mingi, sasa analima muhogo. Nilimkuta shambani. Sikumwambia chochote kuhusu rangi, ili ushuhuda wake uwe safi. Nilimwomba tu aje aione ndege yake ya zamani. Mzee alifurahi mpaka akaenda kutafuta viatu. Kesho Hajati atasikia kwa mtu asiyeweza kubishana naye.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Hajati alirudi saa nne, na hakurudi peke yake. Alikuja na wakwe, wanaume wanne wa kanzu na mama wa bwana arusi, waione bustani. Waliingia getini, wakaiona. Hajati akafungua mdomo, lakini nilimwahi. Nikamsogeza Mzee Alionzi mbele, nikamwomba awaambie wote hii ni rangi gani.

Mzee aliitazama. Mabega yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akakaa kwenye nyasi. "Hii iko andakoti! Iko rangi ya chini! Mimi na Kabiru napaka na mikono yetu, halafu nafunika." Akajifuta macho. "Hii ndege iko uchi. Nani naacha yeye uchi mbele ya wakwe?"

Uchi! Mbele ya wakwe! Mama wa bwana arusi alivuta mtandio, akageuza uso. Wale wanaume wakaangalia chini. Draku akaenda kusimama nyuma ya geti, nikamsikia akikohoa kwa namna isiyo ya kikohozi. Hajati akawavutia wakwe viti. Afadhali angepiga kelele.

Nikang'ang'ana. Nikamuuliza mzee, basi rangi ya kweli ni ipi? Akasema inategemea mkubwa wa kambi. Mkubwa wa kwanza alipenda kijani. Wa pili akaleta kahawia, ndiyo iliyokuwapo stoo. Wa tatu alitaka nyeupe ili ionekane siku ya gwaride. Nikamwambia mimi nataka ile ya kweli. Akasema ndizo hizo, kila mkubwa na yake.

Kisha akamgeukia Hajati, akawa hacheki tena. Akasema Kabiru alikuwa na tabaga moja ya nyumbani, akisafiri nayo kila kambi. Alikuwa anakula chini ya bawa, akimaliza anaifunika sahani, anagonga tumbo la ndege na kusema siku ikiwa yake ataipaka hivi. Wenzake walimcheka miaka yote.

Hajati alifunika uso kwa upindo wa gurbaba yake, lile vazi la Kinubi.

Na huyu alikuwa shahidi WANGU! Nilimtoa Logiri mimi, kwa bodaboda, na chai mbili!

Jumapili, 10 Agosti

Mvua kubwa usiku kucha. Rangi yangu imevimba malengelenge, kisha ikaanza kutoka kama ganda la kiazi kitamu kilichochemshwa. Obeti, ambaye sasa kazi ni yake, alifika na msasa, hakuuhitaji sana. Draku alifagia. Kile kipande chenye jina langu kilianguka kizima, kipana kama sinia. Draku aliniletea kwa mikono miwili, akauliza nikiweke wapi. Nimekifunga kwenye gazeti.

Obeti anapaka andakoti. Tabasamu lile lile.

Jumapili, 17 Agosti

Arusi imepita. Nilialikwa, nikaenda kukagua makosa. Obeti ameweka miduara tumboni, mabawani, mpaka puani. Sisemi ni nzuri. Nasema niliizunguka mara nne. Shamirah alipigwa picha chini ya bawa, na kando yake palikuwa na meza ndogo, sahani ya pilau iliyofunikwa tabaga, na kiti kisichokaliwa na mtu. Mzee Alionzi alisimama karibu na kile kiti mpaka mwisho. Shamim akaanza kulia. Nikamwazima leso, nikabaki bila.

Mwishowe Hajati akaniita. Nilijiandaa kwa matusi. Akasema watoto wanapanda ndege, anataka bango: TAFADHALI USIPANDE NDEGE. Ubao mweupe, herufi nyekundu, na andakoti kwanza. Na nikitaka, jina langu pembeni. "Kidogo," akasema, akionyesha kwa kidole. Jina langu! Chini ya ndege! Katika kila picha! Nilimbusu mkono. Nimeapa mbele ya Shamim kwamba safari hii nitafanya kama mwenyewe anavyotaka.

Ubao aliutoa yeye, ni mlango wa zamani wa jiko lake. Jioni nikaukwangua pembeni kidogo tu, kwa msasa, kuusafisha. Bluu. Chini yake rangi ya maziwa. Na chini kabisa, iliyong'ang'ania mti wenyewe, kijivu safi ambacho sijapata kukiona.

Hajati anataka nyeupe. Lakini ushahidi ni ushahidi, na kesho anakwenda Midia.