Kiwiko cha Radi

Jumatatu, 3 Machi

Fundi Makochi ametangaza rasmi. Chama chetu cha wapenzi wa roki kitamchagua Mpiga Gitaa Asiyethaminiwa, na picha yake itatundikwa kwenye karakana ya Fundi, juu ya meza ya kukatia vitambaa, pale tunapokutana kila Jumamosi. Fremu nitatengeneza mimi. Hakuniuliza. Alisema tu kwamba fremu si tatizo, fundi wa fremu tunaye.

Sikukataa. Maana nani hakuthaminiwa kunizidi? Ujanani nilipiga solo kwenye bendi. Jukwaani niliitwa Radi. Nimewaomba wanachama waniite hivyo, kwa upole, kisha kwa ukali. Wananiita Fremu.

Nikijipendekeza mwenyewe watacheka mpaka waanguke. Kwa hiyo mpango: nitapeleka kaseti yetu ya zamani na kusema ni bendi ya ng'ambo, ya kisiwa fulani chenye baridi. Waisifu. Wafute machozi. Ndipo nisimame: ndugu zangu, mnayemlilia ndiye huyu. Kimya. Makofi. Ukuta.

Nimeshakata mbao. Fremu ya kulala, si ya kusimama, kwa sababu kwenye picha yangu bora nimepiga magoti na kuinama kinyumenyume, gitaa limelala kifuani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesikiliza kaseti jioni yote. Naanzia solo inapoingia, nazima inapoisha, kama nilivyofanya miaka yote hii. Kabla na baada ya hapo kuna nini cha maana? Ni shemeji tu, kaka wa mke wangu, na gitaa lake la pili: lile linalochanjachanja huko nyuma ili mwenye solo apate pa kukanyaga. Siku hizi anauza magodoro. Muziki hata hautaji.

Mke wangu alichungulia kutoka jikoni, akauliza kama mashine imekwama. Nikamwambia huo ni usanii. Akasema basi niusafishe usanii wangu kichwa, unakwaruza.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya.

Ilianza vizuri. Tulikaa kwenye makochi yasiyo na sponji, kama kawaida. Mimi kwenye lile lenye spring iliyochomoza, kama kawaida pia. Kila mtu akasimulia. Dada Nesi alisema akiwa mwanafunzi alisikia gitaa redioni kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akakunja shuka moja, akalikunjua, akalikunja tena, mpaka wimbo ukaisha, na mpaka leo akishika shuka safi anausikia. Fundi Makochi akasema baba yake hakutaka roki nyumbani, naye akaficha redio ndani ya sofa la mteja. Sofa likapelekwa kwa mwenyewe likiwa linaimba. Kamusi, anayejua nyuma ya kila jalada la santuri kumeandikwa nini, akaleta hoja yake ya kila wiki: tukishamchagua mtu, tayari amethaminiwa, kwa hiyo picha yake lazima ishushwe siku hiyohiyo. Akaambiwa akae.

Nikaweka kaseti. Nikawasimulia kisiwa, baridi, kijana mwenye vidole vya moto aliyepotea bila kuonekana tena. Solo ikaingia.

Dada Nesi akauliza kama huyo mtu alikuwa anatafuta funguo kwenye ndoo ya misumari.

Nikadhani anatania. Kamusi akasema hapana, ni mbuzi kanasa kwenye uzio. Wakacheka. Nikacheka nami, ningefanyaje? Kisha Fundi Makochi akainua nyundo hewani, akasema, "Hebu nyamazeni. Huyo wa nyuma ni nani?"

Wakarudisha kaseti. Wakarudisha tena. Dada Nesi akafumba macho. Wakasema mtu huyo anapiga kama anayemshika mkono kipofu. Wakasema bila yeye yule mbuzi angeshakufa. Wakataka jina lake.

Nikasema jina halijulikani. Nikaenda nyumbani kwa miguu.

Jumapili, 9 Machi

Sikula. Mke wangu akauliza nani kafa.

Halafu mchana, nikipaka fremu vanishi, mwanga! Wanampenda wa nyuma. Wa nyuma hana jina. Kwa nini wa nyuma asiwe mimi? Mbuzi nitamwachia shemeji. Yeye hatajua, yuko na magodoro yake.

Tatizo moja tu. Watataka nipige.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda dukani kwa shemeji. Nikamwambia nataka kujikumbusha ile chanjachanja yake, kwa ajili ya afya ya viungo. Uso wake! Alifunga duka. Akashusha gitaa kutoka juu ya rundo la magodoro, limefunikwa nailoni kama mtoto mchanga. Tukakaa kitandani, kitanda cha maonyesho, wapita njia wakitutazama kupitia kioo.

Ni ngumu. Sikujua kuwa ni ngumu. Mkono wangu wa kulia kila mara unataka kutangulia mbele. Shemeji anausimamisha kwa kidole kimoja. "Shemeji, unakimbilia wapi? Hakuna anayekufukuza." Anasema siri ni kumsikiliza mwenzako. Nikamwuliza mwenzangu yupi, mbona niko peke yangu. Akacheka, akasema ndivyo nilivyokuwa nikipiga hata zamani.

Sikuipenda hiyo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwisha.

Nilianza kwa heshima. Nikasimama mbele ya meza ya vitambaa, nikasema nina jambo zito. Kisiwa hakipo. Bendi ilikuwa yetu, wimbo ulirekodiwa kwenye ukumbi wa shule. Na yule wa nyuma mnayemsifu, ndugu zangu, ni huyu anayesema nanyi.

Kimya. Makofi! Dada Nesi alinikumbatia. Kamusi aliniita Radi! Nikasema, kwa unyenyekevu, ndiyo, ndilo lilikuwa jina langu bendini. Nikapewa kochi lenye sponji.

Kama Fundi Makochi angezima mashine pale, ningekuwa mtu mwingine leo. Lakini alisema kwa heshima yangu tuisikilize kaseti yote, mpaka mwisho. Sikupinga. Mimi mwenyewe sijawahi kuifikisha mwisho. Tangu irekodiwe, nazima solo yangu inapoisha.

Wimbo ukaisha. Kukawa na mkwaruzo. Kisha sauti ya msichana, safi kama ya jana, sauti ninayoisikia kila asubuhi ikiniambia nitoe taka: "Radi, punguza! Unamfunika kaka!"

Na sauti ya kijana, ya shemeji, ikicheka: "Mwache tu, ndivyo alivyo. Mimi ntamfuata."

Hakuna aliyeniangalia. Fundi Makochi alipangusa vumbi kwenye nyundo. Mwishowe Dada Nesi akaniuliza, taratibu, kama anayetafuta mshipa wa kuchoma sindano, huyo kaka ni nani.

Nikamtaja, nikarudi kwenye kochi la spring.

Jumapili, 16 Machi

Nilimwuliza mke wangu kuhusu siku ile ya kurekodi. Nilikuwa naamini miaka yote kwamba alinipenda kwa ile solo. Nimewasimulia hivyo hata wageni, yeye akiwa pale, akigawa chai.

Akasema hapana. Alikuja kumsikiliza kaka yake. Nikauliza basi mimi alinipendea nini. Akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akasema baada ya kurekodi gari halikuja, na mimi nikabeba spika kubwa begani mpaka kwao bila kulalamika.

Spika!

Nikamwambia nililalamika sana. Akasema anajua, alikuwa nyuma yangu. Lakini nilibeba.

Alhamisi, 20 Machi

Shemeji ameambiwa na chama kwamba amechaguliwa. Alikuja hapa kwenye kibanda changu cha fremu, akasimama kati ya vioo, akanishika mikono yote miwili. Anadhani nilimpendekeza mimi! Anadhani masomo yale kitandani yalikuwa ya kuhakikisha naielewa vizuri kazi yake kabla ya kuwapelekea wenzangu. Akasema tangu bendi ivunjike hakuna mtu aliyewahi kumwambia alipiga vizuri. Hata mmoja. Akasema, "Na kumbe wewe ulikuwa unasikia muda wote." Akalia, mtu mzima, juu ya mbao zangu.

Ningesema nini? Nikasema si kitu, shemeji. Nikasema ni wajibu.

Picha anayo moja tu akiwa na gitaa. Ni ileile yangu. Mimi nimepiga magoti mbele, yeye nyuma karibu na pazia, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Jumamosi, 22 Machi

Chama kiliamua niikate picha ili abaki yeye. Nilikata mwenyewe, kwa wembe wangu, mbele yao. Nilijianzia magotini. Kamusi alisifu mstari ulivyonyooka.

Fremu ya kulala ilibaki na nafasi kubwa upande wa kushoto. Wakasema si neno, inampa hewa. Shemeji alipiga ule wimbo, polepole, na Dada Nesi alifumba macho kana kwamba ana shuka mkononi. Mke wangu alikuja. Alisimama karibu na kaka yake. Mimi niliombwa nishike ngazi.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimepita karakanani, eti kuangalia kama msumari umekaa sawa. Nimegundua jambo! Wembe haukufika pembeni kabisa. Chini, kushoto, kimebaki kiwiko changu. Kinaonekana wazi ukichuchumaa. Na ni kiwiko chenye nguvu, kina mkunjo wa mtu anayejua anachofanya. Bila kiwiko kile picha nzima imepooza.

Nimezungumza na binamu yangu, ambaye wanachama hawamjui. Jumamosi ataingia kama mteja wa makochi. Atatazama picha. Atachuchumaa. Kisha atauliza kwa sauti, karakana nzima isikie, kiwiko kile ni cha nani.

Nimeshaanza kupima mbao. Fremu ndogo. Ya kusimama.