Maji Yaliyotoroka Kambani

"Hivi mama, maji ya nguo zikikauka huwa yanaenda kwa nani?"

Jirani aliuliza hivyo siku moja, kaegemea ukuta na mswaki mdomoni. Mama Dobi, mjane aliyeishi kwa kufulia watu nguo, akamjibu huku anabana shuka kambani, "Kwa Mwenyezi Mungu, baba. Atayarudisha akipenda."

"Kwa kibali cha nani?"

Mama akacheka. Alisahau kwamba jirani ni mkaguzi wa Idara ya Maji, na mkaguzi hana utani.

Wiki haikuisha, Idara ikatangaza kwa kipaza sauti: imebainika kwamba maji ya umma yanatorokea angani. Mshawishi mkuu ni joto. Penye jua kali maji hutoka mbio. Penye baridi hujiheshimu. Kwa hiyo ni marufuku kuanika juani, kupiga pasi au kuacha sufuria wazi. Nguo zianikwe stoo, gizani, madirisha yamefungwa.

Jirani akaja mwenyewe kuchukua kamba. "Ni ushahidi, mama. Pole."

"Pole haikaushi shuka, baba."

Wateja wakamkimbia. Nani anataka shuka linalonuka chura? Mama akasali, akafua, akatii. Hata nguo za Mkurugenzi wa Idara alizianika stoo.

Siku ya uzinduzi wa sheria, Mkurugenzi akaja anahema. "Suti yangu?"

"Iko salama, mheshimiwa. Hakuna tone lililotoroka."

Akaishika. Ikamlowesha mpaka kiwiko. "Na zile nyingine?"

"Nazo zimetulia."

"Si ungepitisha pasi kidogo tu, jamani!"

"Mimi, mheshimiwa? Nivunje sheria yako?"

Akaivaa hivyo hivyo.

Ukumbini, mama akiwa kati ya watazamaji, kamba yake ililazwa mezani kama nyoka aliyeuawa. Mkurugenzi akapanda jukwaani akiacha madimbwi nyuma. Taa kubwa ya mpiga picha ikamwakia mgongoni, na hasira nazo zikampanda. "Hata tone moja halitatoroka!" akanguruma, na mabega yake yakaanza kufuka kama birika.

Jirani akapuliza filimbi. "Samahani, mheshimiwa. Unatorosha maji."

"Mimi?"

"Mgongo mzima. Na kadiri unavyopata joto ndivyo yanavyozidi."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Sheria inataka ukae stoo, gizani, mpaka yatulie."

Mkurugenzi akapiga chafya. Akavua koti, akachukua kamba pale mezani, akavibwaga vyote mikononi mwa Mama Dobi, kisha akatoka zake juani.