Kidole cha Paskazia Katika Mahame ya Kwetu

Sogeeni, enyi watu wa Mwakitolyo, nanyi mlio juu ya baiskeli shukeni, msikie habari ya vita vilivyopiganwa kwa kidole kimoja cha mguu!

Kijiji chetu cha zamani kilibaki mahame tangu mwaka tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Wenyeji wake sasa ni minyaa, matuta ya udongo na mbuzi. Juma lililopita Cornel, jemadari wa wachimbaji, ditekta ya kunusia dhahabu begani, alisimika kigingi cha duara lake jipya, yaani shimo la kuchimbia, pale alipozaliwa dada yangu Paskazia, shujaa wa miaka sabini na minane.

"Shikamoo bibi," alinguruma. "Hapa hapajawahi kukaa mtu. Nionyeshe jiko la mama yako kabla jua halijawa kali, nami nitahama. Ukishindwa, nachimba!"

"Marahaba. Kwanza vua kofia, uko jikoni kwa watu."

Ndipo mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, nilipoingia vitani. Nilikuwa nimesoma habari za kijiji kimoja cha Uingereza kilichohamwa karne nyingi zilizopita, kondoo wakalishwa juu yake, hata wataalamu wakazitambua nyumba zake kwa vivuli vya matuta, jua likiwa chini. Nikalala kifudifudi, nikafumba jicho moja, nikatangaza, "Jiko ni hili!"

Tukachimba. Kilikuwa kichuguu cha mchwa. Wachimbaji walicheka hadi mbuzi wakakimbia.

"Kaka, inuka, unachafua shati," akasema Paskazia. Akavua kandambili, akafumba macho, akapita mbio kwenye pengo la minyaa lililokuwa lango la kwetu, kama mtoto aliyetumwa kaa la moto.

"Mayu wane! Mama yangu!"

Alikuwa chini, amejikwaa, ameshika kidole gumba cha mguu wa kushoto, akilia na kucheka. "Ni lenyewe! Jiwe la mlango wa jiko! Mama alimwambia baba kila siku aling'oe, baba akasema kesho!"

Hatua tatu kutoka hapo jembe likagonga mafiga matatu, bado yana masizi.

Cornel akang'oa kigingi. Alipogeuka aende zake, akajikwaa palepale.

"Pole, mjukuu wangu," akasema dada. "Sasa umekaribishwa."

Basi iandikwe: Jumanne, saa mbili asubuhi, mahame ya kwetu yalipata tena mlango. Cornel, akichechemea, aliomba ruhusa aling'oe lile jiwe lisije likaumiza wengine.

Paskazia akavaa kandambili zake.

"Kesho," akasema.